Mita za Mwisho Ni Zako: Mtandao wa Kompyuta Nyumbani

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wafanyabiashara wa Moshi

 

Tarehe 16 Agosti 2022, Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, alizindua pale Horombo, kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, intaneti ya kasi iliyopandishwa mlimani na Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL. Tangu hapo mgeni aliyepumzika Horombo anaweza kurusha picha zake kwao kabla hajavua viatu. Tuteremke sasa hadi Kibosho, Marangu, au hapa mjini Majengo na Pasua. Tunakuta nyumba yenye simu janja nne, kompyuta mpakato mbili, televisheni janja na printa. Mtoto akitaka kuchapa kazi ya shule, anaiweka kwenye flashi na kuzunguka nayo, au anaituma kwa WhatsApp stesheneri na kulipia kila karatasi, huku printa ya nyumbani imefunikwa kitambaa. Vifaa vinalala chumba kimoja na havijuani.

Waya umepanda mlima, lakini mita za mwisho, zile za kutoka dirishani hadi mezani kwako, hakuna waziri wala shirika litakalokuja kuzimaliza. Hizo ni zako. Nami jioni hii nina hoja moja tu: mtandao wa nyumbani na intaneti ni vitu viwili. Intaneti unainunua kwa kampuni. Mtandao wa nyumbani unaujenga mwenyewe, unaumiliki mwenyewe, na unafanya kazi hata siku intaneti imekatika. Anayevichanganya atalipa kila mwezi na kulalamika kila wiki.

Chanzo kilikuwa printa

Mwezi Mei 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, mhandisi Bob Metcalfe aliandika waraka kueleza namna kompyuta nyingi zinavyoweza kuzungumza kupitia waya mmoja. Njia hiyo aliiita Ethernet, akaijenga pamoja na mwenzake David Boggs. Shida iliyokuwa mbele yao ilikuwa ya ofisini kabisa: kulikuwa na printa ya leza yenye kasi, na kila kompyuta ya jengo lile ilitakiwa iweze kuitumia. Video na WhatsApp havikuwemo kwenye hesabu. Waya unaouchomeka leo nyuma ya ruta ni wa ukoo huo.

Kwetu mambo yalikwenda upande mwingine. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya ICT 1500 mwaka 1965. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya waraka wa Metcalfe, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku ile ililegezwa baadaye, lakini wengi walishakosa miaka ya kuizoea mashine hiyo kazini na shuleni. Kisha intaneti ikaja kwa kishindo: kebo ya bahari ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaileta kasi hiyo mikoani. Wengi wetu tukaingia intaneti kwa simu kabla hatujawahi kuona kompyuta mbili zikiungana. Ndiyo maana bando likiisha tunaamini kila kitu kimeisha.

Mzee wa mfongo

Nani hapa anahitaji kufundishwa maana ya kugawana kwa utaratibu? Wazee wa mlima huu walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kabla mkoloni hajakanyaga hapa. Maji yalitolewa mtoni kule juu, yakaletwa kwa mfereji, yakagawanywa kwa zamu kutoka kihamba, yaani shamba la familia, hadi kihamba kingine, na palikuwa na mzee aliyejua zamu ni ya nani na mlango upi ufunguliwe. Ruta ndiyo mzee huyo. Inapokea kilichotoka juu, inajua kila kifaa kiko wapi, na inampa kila mmoja kilicho chake. Tofauti ni kwamba maji ya mfongo huteremka tu, ilhali ruta huwawezesha walio chini kupelekeana wao kwa wao bila hata tone kutoka mtoni. Hapo ndipo faida ya mtandao wa nyumbani ilipo.

Ili isikosee, ruta humpa kila mmoja anwani ya namba, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Namba hizo zilitengwa rasmi kwa matumizi ya ndani. Nyumba yako na ya jirani zinaweza kutumia namba zilezile bila ugomvi, kwa kuwa hazitoki nje ya geti. Huko nje ruta huzungumza kwa niaba ya wote.

Anza na karatasi, duka baadaye

Chukua karatasi, chora nyumba yako: sebule, vyumba, jiko, na kama uko kijijini, nyumba ya bibi na banda. Andika vifaa vyote. Visivyohama, yaani televisheni, printa na kompyuta ya mezani, vipe waya. Vinavyohama vipe Wi-Fi. Anayefuata kanuni hiyo peke yake ameshaondoa nusu ya malalamiko, kwa sababu kila kifaa kilichohamishiwa kwenye waya kinawaachia wengine nafasi hewani.

Kisha uliza intaneti itaingilia wapi. Kama faiba imefika mtaani kwako, fundi wa kampuni ataileta hadi ukutani na kuacha kisanduku chake. Kama haijafika, utatumia ruta ya laini ya simu. Hapo mteremko wetu una neno lake. Ukiwa Uru au Old Moshi, mgongo mmoja wa kilima unatosha kukuficha mnara ambao jirani wa ng'ambo ya korongo anauona wazi. Zunguka nyumba nzima na simu yenye laini ileile kabla ya kulipa chochote, uone ni dirisha gani linalokamata vizuri. Ruta ya laini ikae hapo. Kama dirisha hilo liko pembeni mno, usiihamishe; vuta waya kutoka kwayo hadi katikati ya nyumba, ufunge hapo kifaa cha pili cha kutoa Wi-Fi.

Sasa hesabu moja ya kasi, maana matangazo yanawachanganya wengi. Kampuni inauza kwa megabiti, kompyuta inaonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde inashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 700 itachukua takriban dakika 5 mambo yakiwa mazuri. Filamu hiyohiyo ikiwa tayari ipo kwenye kompyuta ya sebuleni, nawe ukaihamishia kompyuta nyingine kwa waya wa ndani wa megabiti 1,000, inachukua sekunde chache, na bando haliguswi. Kwa nini kila mtu nyumbani ashushe kivyake kitu kilekile? Hata masasisho ya Windows 11, ambayo hula bando usiku watu wakiwa wamelala, yana mpangilio unaoruhusu kompyuta za mtandao mmoja kugawiana kilichokwisha kushushwa.

Kuta, mabati na migomba

Wi-Fi ni redio, na redio ina vizuizi vyake. Tofali la kuchoma huipunguza, zege lenye nondo huipunguza zaidi, na bati huirudisha ilikotoka. Ruta iliyofungiwa kabatini nyuma ya televisheni imeadhibiwa bila kosa. Iweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba, mbali na maikrowevu.

Ruta nyingi za sasa hutoa masafa mawili. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta, lakini ina msongamano. Katika mitaa iliyobanana, kila nyumba inapigia kelele palepale. Gigahezi 5 ina kasi zaidi, ila huchoka upesi mbele ya ukuta. Aliye chumba kimoja na ruta atumie 5, aliye jikoni atumie 2.4. Katika 2.4 chagua chaneli ya 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo haziingiliani.

Vijijini kuna kizuizi ambacho vitabu vya ughaibuni havikitaji: mgomba. Jani la mgomba limejaa maji, na maji hunywa mawimbi ya Wi-Fi. Mtu anafunga antena mbili za kutazamana kati ya nyumba yake na ya mama yake wakati wa kiangazi, zinafanya kazi vizuri. Masika yanaingia mwezi Machi, migomba inarefuka, majani yanalowa, na mawasiliano yanakufa. Antena haina kosa. Ipandishe juu ya majani, au tafuta upenyo usiopita shambani.

Waya kwa mkono wako

Waya wa shaba wa mtandao unaruhusiwa kufika mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na kwa nyumba nyingi hapa hiyo inatosha na kubaki. Omba waya wa Cat5e au Cat6 wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni wa bei nafuu, ila hukatika na kupoteza nguvu.

Kufunga kichwa chake kunaogopwa bure. Menya ganda la nje kama sentimita 3. Ndani kuna nyuzi 8, zimesokotwa jozi 4. Zisokotoe, zinyooshe, uzipange kutoka kushoto: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Zibane pamoja kwa vidole, uzikate zilingane, zibaki kama sentimita moja na robo. Shika kichwa, kile kiulimi chake cha plastiki kikiwa chini, sukuma nyuzi mpaka uone shaba ya zote 8 imegusa mbele, na ganda la nje limeingia ndani ya kichwa. Kisha bana kwa koleo lake. Upande wa pili, mpangilio uleule. Wengi huharibu mahali pamoja: huweka kijani na bluu kwa mfuatano uliowapendeza macho. Waya utaonekana mzuri, na kasi haitafika popote.

Usitandaze waya wa shaba hewani kutoka nyumba moja hadi nyingine. Sababu nitaifikia kwenye radi.

Saa ya kwanza ya ruta

Ruta imewashwa. Kabla hujamwita mtoto aone YouTube, fanya haya. Ungana nayo kwa waya, fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Itakuomba jina na nywila ya msimamizi. Ya kiwandani inajulikana na dunia nzima, ibadilishe. Halafu upe mtandao jina lisilotaja ukoo wako wala namba ya nyumba.

Nenda kwenye usalama wa Wi-Fi, chagua WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali, au WPA2, iliyopo tangu mwaka 2004 na bado inafaa. WEP ikiwemo kwenye orodha, iache, ilishavunjwa zamani. Zima kitu kinachoitwa WPS, kile cha kuungana kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi, kwa kuwa namba hiyo hukisiwa. Nywila iwe ndefu: maneno manne yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Mwisho, sasisha programu ya ruta yenyewe, na printa uipe anwani isiyobadilika, ili isipotee kila umeme ukikatika.

Sasa fanya jaribio ambalo mafundi wengi hawakufanyii. Chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, au toa laini. Chapa karatasi moja kutoka kwenye simu. Fungua faili la kompyuta ya sebuleni ukiwa chumbani. Vikikubali, una mtandao wa nyumbani. Rudisha intaneti.

Desemba inakuja

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Desemba, barabara ya Dar es Salaam hadi huku hujaa. Nyumba ya Mwika au Rombo iliyolaza watu wanne mwaka mzima inalaza ishirini. Kila mmoja ana simu, na kabla hajamsalimia bibi sawasawa ameshauliza, “Shangazi, nywila ya Wi-Fi ni ipi?” Simu zote zinaanza kupakia picha za safari kwa wakati mmoja. Jioni hiyo mwenye nyumba ataambiwa intaneti yake ni mbovu.

Dawa ni mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao kwenye mipangilio. Unakuwa na jina lake na nywila yake, wageni wanapata intaneti, lakini hawaioni printa yako, wala mafaili ya duka, wala kamera ya getini. Ruta ikiruhusu, wawekee kikomo cha kasi. Andika nywila hiyo kwenye karatasi, ibandike sebuleni, na wakishaondoka Januari uibadilishe. Wenye nyumba za wageni wanaopokea wapanda mlima, hili kwenu ni la mwaka mzima: hesabu za biashara na simu ya mgeni usiyemjua zisikae mtandao mmoja hata usiku mmoja.

Na jirani je? Kumsaidia mtoto wa jirani afanye mtihani wake ni utu. Kuwauzia mtaa mzima ni kutoa huduma ya mawasiliano, nayo inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Tena tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kikifanyika kibaya kupitia laini yako, wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyeisajili.

Umeme na radi

Umeme ukikatika Moshi mjini, mnara wa simu mara nyingi unaendelea kwa betri na jenereta zake, na faiba ya mtaani nayo inaweza kuwa hai. Kilichozimika ni ruta yako. Ruta nyingi ndogo hutumia volti 12 na ampea isiyozidi 1, yaani hadi wati 12. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, kama zile za kengele za ulinzi, ina wati-saa 84. Usiinyonye zaidi ya nusu ili idumu: una wati-saa 42, ambazo ni saa tatu na nusu za ruta. Kwa ununuzi mdogo tu unavuka mgao wa jioni nzima. Mnunulie ruta betri hiyo, au kifaa kidogo kilichotengenezwa tayari kwa kazi hiyo.

Radi ni kesi nyingine, na mvua za mlima huu zinakuja nayo. Faiba ni kioo, haibebi umeme wa radi, lakini chaja ya ruta imechomekwa ukutani. Waya wa shaba uliopita hewani kati ya nyumba mbili unaweza kuleta radi ya nyumba moja hadi ya pili, ukaunguza ruta, televisheni na kompyuta kwa mpigo. Kwa hiyo kati ya nyumba na nyumba tumia faiba au antena. Ngurumo ikisogea, chomoa chaja zote na waya wowote wa shaba unaotoka nje. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Siku kebo zilipokatika

Tarehe 12 Mei 2024, kebo za bahari za SEACOM na EASSy ziliharibika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ya Tanzania na majirani zake ikayumba. Watu waliwasha na kuzima ruta kutwa nzima, wengine wakaziweka upya mpaka mipangilio yote ikafutika, kwa tatizo lililokuwa chini ya bahari.

Mwenye kuelewa mtandao wake hafanyi hivyo. Anajiuliza kwanza: printa inachapa kwa Wi-Fi? Kama inachapa, ndani kuna uzima. Tatizo liko nje, ampigie mtoa huduma. Kama haichapi, tatizo ni la nyumbani, na hakuna haja ya kumgombeza mtu wa huduma kwa wateja. Swali hilo moja huokoa nauli ya fundi.

Na siku kama ile watoto si lazima wakae bure. Ipo programu ya bure iitwayo Kiwix. Inakuwezesha kuweka Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, kwenye kompyuta moja ya nyumbani, na simu zote za nyumba zikaisoma kupitia Wi-Fi bila intaneti hata kidogo. Inashushwa mara moja na inaingia kwenye flashi ya kawaida. Walimu, fikirieni chumba cha kompyuta cha shule ya kata kisicho na bando: ruta moja na kompyuta moja, na darasa zima linasoma.

Ndugu zangu, sijaja kuwauzia ruta wala kuwatisha na teknolojia. Nawaomba mkirudi nyumbani mgeuze kile kisanduku kilicho juu ya kabati, msome anwani iliyo chini yake, na mbadilishe nywila ya msimamizi kabla ya kulala. Wiki ijayo unganisheni printa. Masika yasiingie bado waya wa shaba unaning'inia kati ya nyumba yako na ya mama. Fundi mkimwita, simameni naye, muulizeni kila anachofanya, na msimruhusu aondoke na nywila yenu peke yake kichwani. Nyumba ni yenu, na mtandao wake uwe wenu.